Kwa nini juzuu za misahafu miwili hazilingani, na usimame wapi unaposoma

SWALI: Assalamu alaykum ustadh. Nina misahafu miwili, mmoja chapa ya Madina na mwingine chapa ya Kihindi niliorithi kwa marehemu bibi. Nimeweka nia ya kukhitimu Qur'ani kwa mwezi, juzuu moja kila siku, na huwa nabadilisha misahafu. Sasa naona juzuu ya 14 huku inaanza aya ya 1 ya Al-Hijr, kule aya ya 2. Juzuu ya 23 zinapishana aya sita. Hata robo za huku si robo za kule. Je, mmoja umekosewa? Nani alizipanga juzuu hizi, na ni lazima nisimame pale zinapoishia? Nikikosa siku moja nifanyeje? Usiku huu namaliza juzuu ya 4.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Nianze na lile linalokutia wasiwasi: hakuna msahafu uliokosewa. Maneno ya misahafu yako yote miwili ni yale yale na sura zimefuatana vile vile, kuanzia Al-Fatiha mpaka An-Nas. Kinachopishana ni alama ambazo watu waliziweka baadaye ili msomaji ajue amefika wapi na kimebaki kiasi gani. Sura na aya ni za Qur'ani yenyewe. Juzuu (sehemu moja kati ya 30), hizbu (nusu ya juzuu), robo na rukuu (fungu la aya zenye maana moja) ni vipimo vya kisomo, na vipimo hupangwa na wanadamu.

Sura ni 114, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe alizitaja kwa majina na kuzisoma moja moja katika Sala. Mwisho wa aya Maswahaba waliujua kwa kumsikia akisimama. Hata hapo wanazuoni wa miji hawakuhesabu sawa: hesabu ya mji wa Kufa huko Iraq, ambayo ndiyo iliyofuatwa katika misahafu yako yote miwili, ni aya 6236, ya Basra ni 6204, ya mwisho ya watu wa Madina ni 6214. Usishtuke, hakuna aya iliyopotea Basra. Watu wa Kufa huhesabu Alif Lam Mim ya mwanzo wa Al-Baqara kuwa aya kamili, wengine huiunganisha na inayofuata. Tofauti zote ziko namna hiyo: maneno ni hayo hayo, hesabu ndiyo inayobadilika.

Maswahaba waligawa vipi kisomo chao? Hapa pana hadithi ninayoipenda sana. Aws bin Hudhayfa alikuja Madina na ujumbe wa kabila la Thaqif. Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwajia kila usiku baada ya Isha kuzungumza nao. Usiku mmoja akachelewa. Walipomuuliza, akawaambia kwamba sehemu yake ya Qur'ani ilikuwa haijakamilika, naye hakupenda kutoka kabla hajaimaliza. Aws akaona awaulize Maswahaba: nyinyi mnaigawa vipi Qur'ani? Wakamjibu: tatu, tano, saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu, na sehemu ya Mufassal peke yake. Hadithi hii iko kwa Abu Dawud, Ibn Majah na Ahmad.

Chukua msahafu wako uhesabu, usiniamini mimi. Iache Al-Fatiha. Sura tatu: Al-Baqara, Aal Imran, An-Nisaa. Tano: kutoka Al-Maida mpaka At-Tawba. Saba: Yunus mpaka An-Nahl. Tisa: Al-Israa mpaka Al-Furqan. Kumi na moja: Ash-Shu'araa mpaka Ya-Sin. Kumi na tatu: As-Saffat mpaka Al-Hujurat. Baada ya hapo ni Qaf, nayo ndiyo mwanzo wa Mufassal, yaani zile sura fupi fupi zinazotenganishwa na Bismillahi nyingi, mpaka mwisho. Siku saba, khitma moja. Hizi saba ndizo zinazoitwa manzili, na msahafu wako wa Kihindi umeziandika pembeni. Wanafunzi huzishika kwa maneno mawili ya Kiarabu, fami bishawq, "kinywa changu kina shauku": fa ya Al-Fatiha, mim ya Al-Maida, ya ya Yunus, ba ya Bani Israil ambalo ni jina jingine la Al-Israa, shin ya Ash-Shu'araa, waw ya Was-saffat, qaf ya Qaf.

Angalia walichokifanya: hakuna sura waliyoikata. Siku ya kwanza ni ndefu sana na ya sita ni nyepesi zaidi, lakini kila usiku msomaji alifunga mwisho wa sura na kesho yake akaanza mwanzo wa sura.

Juzuu 30 zilikuja kwa njia nyingine. Asili ya mwezi iko kwenye Sunna: Abdullah bin Amr bin al-As alikuwa akisoma Qur'ani nzima kila usiku, na Mtume (s.a.w.) akamwambia aisome kwa mwezi. Akasema anaweza zaidi, akapunguziwa, mpaka akaambiwa aisome kwa siku saba wala asizidishe hapo. Hadithi hiyo iko kwa Bukhari na Muslim. Mwezi una siku 30, kwa hiyo watu walihitaji mafungu 30 yanayokaribiana, na ukitaka mafungu sawa huwezi kutumia sura. Al-Baqara ina aya 286 na Al-Kawthar ina 3. Huwezi kutumia aya pia, maana aya moja ya deni mwishoni mwa Al-Baqara inajaza ukurasa mzima wa chapa ya Madina, na neno moja tu, Mudhammatan, ni aya kamili katika Ar-Rahman. Ndiyo sababu juzuu ya 2 ina aya 111 na juzuu Amma, yaani ya 30, ina aya 564, ilhali urefu wao unakaribiana.

Kilichobaki ni kuhesabu herufi. Imepokewa kwamba Al-Hajjaj bin Yusuf, aliyekuwa gavana wa Iraq kuanzia mwaka 694 mpaka alipokufa 714, aliwakusanya wasomaji, mahafidhi na waandishi akawaagiza wahesabu herufi za Qur'ani na kumwonyesha nusu yake, theluthi zake, robo zake, hadi subui, yaani sehemu za saba. Wafikirie watu wale wamekaa na misahafu isiyo na namba za kurasa, wanahesabu herufi zaidi ya laki tatu kwa mkono. Katika riwaya hiyo nusu iliangukia ndani ya Al-Kahf, kwenye neno walyatalattaf la aya ya 19, na bado kuna misahafu inayoandika neno hilo kwa wino mwekundu. Wengine walihesabu wakafika neno nukra, aya ya 74 ya sura hiyo hiyo, na hapo ndipo juzuu ya 15 inapoishia katika misahafu yako yote miwili. Kwa maneno, wanazuoni wanasema nusu iko Al-Hajj. Kwa aya, kwa hesabu ya 6236, iko ndani ya Ash-Shu'araa. Kwa sura, ni mwisho wa Al-Hadid, sura ya 57. Kitabu ni kimoja na katikati zake ni nyingi, kila moja sahihi kwa kipimo chake. Ukilifahamu hili, juzuu mbili kupishana kwa aya moja halitakushangaza tena.

Kisha kila juzuu ikakatwa mara mbili, tukapata hizbu 60. Kila hizbu katika misahafu ya Kiarabu ina robo nne, jumla 240, na nchi za Maghribi wanaikata mpaka thumuni, yaani sehemu ya nane ya hizbu, jumla 480, kwa sababu thumuni ni kipande kinachomtosha mwanafunzi wa hifdhi kwa siku. Morocco misikitini husomwa hizbu moja kwa pamoja baada ya Alfajiri na nyingine baada ya Magharibi, hivyo mwezi ukiisha khitma imepatikana.

Hapa ndipo penye utata wako wa robo. Ile nyota ndogo unayoiona katika chapa ya Madina ni robo ya hizbu, yaani sehemu ya nane ya juzuu, kama kurasa mbili na nusu. Katika msahafu wa bibi, pembeni pameandikwa ar-rubu', an-nisfu, ath-thalatha. Hizo ni robo, nusu na robo tatu za juzuu nzima. Robo moja ya huko inakaribia robo mbili za huku. Ukijipangia robo mbili kila baada ya Sala halafu ukabadilisha msahafu, umejiongezea kisomo maradufu bila kujua, nawe utachoka.

Mianzo ya juzuu inapishana mahali pachache. Zaidi ya hizo mbili ulizozitaja, tazama juzuu ya 4, 7, 11, 20 na 21. Kwa kawaida ni aya moja tu, isipokuwa juzuu ya 20 na ya 23. Ukiniuliza mpango upi ni bora, sitakupa jibu moja. Katika Ya-Sin, chapa ya Madina inaanza juzuu ya 23 aya ya 28, baada ya yule mtu aliyekuja mbio kutoka mwisho wa mji kumaliza maneno yake yote na kuambiwa aingie Peponi. Chapa ya Kihindi inaanza aya ya 22, mtu huyo akiwa katikati ya kuzungumza na watu wake: "Na nina nini mimi nisimwabudu aliyeniumba?" Hapo Madina wamepanga vizuri zaidi. Lakini nenda An-Naml. Madina wanaanza juzuu ya 20 aya ya 56, kwenye jibu la kaumu ya Lut, yaani swali limebaki juzuu ya 19 na jibu limeangukia juzuu ya 20. Chapa ya Kihindi inasubiri kisa kiishe, inaanza aya ya 60. Hapo bibi alikuwa na msahafu mzuri zaidi.

Sasa swali lako zito: ni lazima usimame juzuu inapoishia? Hapana. Na nakuomba usiwe na mazoea hayo, kwa sababu waliopanga walipima urefu, hawakupima maana. Sheikhul Islam Ibn Taymiyya aliliandika hili zamani: kwamba juzuu hizi zilizotoka kwenye hesabu ya herufi humfanya msomaji asimame kabla maneno hayajakamilika, na kesho yake aanze na neno lililounganishwa na la jana. Ndiyo maana akaona kugawa kwa sura, kama Maswahaba, ni bora zaidi.

Tazama juzuu ya 13. Inaanza wama ubarriu nafsi, "Wala mimi siitakasi nafsi yangu", katikati ya maneno yaliyoanza nyuma katika kisa cha Yusuf. Anayefungulia hapo hajui hata ni nani anayesema. Juzuu ya 16 inaanza qala alam aqul laka, "Akasema: je, sikukwambia?", Nabii Musa na yule mja mwema wamo safarini, kijana ameshauawa, Musa ameshalalamika, na jibu lake ndilo limekuwa mwanzo wa juzuu. Juzuu ya 22 inawazungumzia wake wa Mtume kwa kiunganishi "na", na sentensi ya kwanza imebaki nyuma. Juzuu ya 27 ni Nabii Ibrahim anawauliza wageni wake wana jambo gani, na sisi wageni wenyewe hatujawaona wakiingia.

Nimesomesha miaka mingi, na mwanafunzi anayesoma kwa juzuu namjua mara moja. Anafika mwisho wa juzuu, anasema sadaqallahul adhim, anafunga msahafu, na sauti yake imebaki juu kwa sababu maneno hayajatua. Sikio lake limejua ambacho jicho halikukiona.

Kwa hiyo fanya hivi. Juzuu iwe ya kukuonyesha umefika wapi katika mwezi. Pa kusimama paamuliwe na maana. Ukifika mwisho wa juzuu na maneno hayajatua, endelea aya tatu, tano, kumi, mpaka yatue. Kama yalitua nyuma kidogo, simama hapo na ukilipe kilichobaki kesho. Kama Kiarabu chako hakitoshi kukuonyesha, msahafu wa bibi una msaada ambao wengi hudhani ni pambo: ile herufi ayn ndogo pembeni mwa mstari, yenye namba juu, katikati na chini. Hiyo ni alama ya rukuu. Namba ya juu ni rukuu ya ngapi katika sura, ya katikati ni idadi ya aya zake, ya chini ni rukuu ya ngapi katika juzuu. Imenukuliwa kwamba wanazuoni wa Bukhara waliigawa Qur'ani rukuu 540, ili imamu wa tarawehe akisoma moja katika kila rakaa, rakaa 20 kwa usiku, akhitimu usiku wa 27 wa Ramadhani. Piga hesabu uone, 20 mara 27. Misahafu inayochapwa leo huwa na 558. Jina limetoka hapo hapo: ndipo imamu anapokwenda rukuu. Na waliozipanga walifuata maana. Kisa kinapoisha au hukumu inapokamilika, ndipo ayn inapokaa. Kwangu mimi, hakuna mgawanyo wa kisomo unaomfaa zaidi mtu asiyejua Kiarabu, na nasikitika kwamba chapa ya Madina haina.

Alama ndogo zilizo juu ya mistari ni somo jingine, ila shika mbili: mim ndogo ni pa kusimama lazima, na lam-alif ni usisimame ukaanzia hapo.

Kuhusu hesabu ya mwezi, kaa na msahafu mmoja mpaka ukhitimu. Chapa ya Madina ya mistari 15 ina kurasa 604, na kila ukurasa unaishia mwisho wa aya. Juzuu ni kurasa 20, kwa hiyo kurasa nne kwa kila Sala ya faradhi zinakutosha. Na ukitaka kujua juzuu fulani inaanza ukurasa gani, punguza moja, zidisha kwa 20, ongeza 2. Juzuu ya 17: 16 mara 20 ni 320, ongeza 2, ukurasa wa 322, ndiyo Al-Anbiyaa. Kanuni hii haiendi sawa kwa juzuu ya kwanza, ambayo inaanza ukurasa wa 1, na kwa juzuu ya 7 na ya 11, ambazo zimeanza aya moja mapema, mwishoni mwa ukurasa uliotangulia.

Usikimbize. Mtu mmoja alimwambia Swahaba Ibn Mas'ud kwamba amesoma Mufassal yote katika rakaa moja, naye akamkemea: unaikimbiza kama mashairi? Na Mtume (s.a.w.) amesema hafahamu anayeisoma Qur'ani chini ya siku tatu, kwa riwaya ya Abu Dawud na Tirmidhi. Mwezi uliouchagua ni mpango mzuri kwa mtu mwenye shughuli zake, na kama mwezi utakubana, chukua hizbu moja kwa siku, utakhitimu kwa miezi miwili.

Siku ukikosa, yako majibu kwenye hadithi ya Umar bin al-Khattab aliyoipokea Muslim: anayelala akapitwa na hizbu yake ya usiku au sehemu yake, kisha akaisoma kati ya Sala ya Alfajiri na Adhuhuri, huandikiwa kama kwamba ameisoma usiku. Neno hizbu hapo si hizbu hii ya 60, maana ilikuwa bado haijapangwa. Ni sehemu yoyote ambayo mtu amejiwekea mwenyewe. Kwa hiyo usikimbilie kusoma juzuu mbili usiku unaofuata ukiwa umechoka. Amka, sali Alfajiri, fungua msahafu hapo hapo ulipokaa. Ikikupita mpaka Adhuhuri, zigawe kurasa zilizobaki kwa siku zinazofuata, kurasa mbili mbili.

Na usiku huu, kwa kuwa unamaliza juzuu ya 4: utafika An-Nisaa aya ya 23, hurrimat alaykum ummahatukum, mmeharamishiwa mama zenu, na binti zenu, na dada zenu, inawataja mmoja mmoja mpaka kuwakusanya dada wawili kwa mume mmoja. Juzuu inaishia hapo. Lakini orodha haijaisha. Aya ya 24, wal-muhsanatu, "na wanawake wenye waume", nao wamo katika hao hao walioharamishwa, na neno hilo moja limetupwa mwanzo wa juzuu ya 5 kama yatima. Usifunge msahafu. Geuza uje ukurasa wa 82 wa chapa ya Madina, usome ukurasa huo wote na mistari michache ya unaofuata, mpaka aya ya 28, ambapo Mwenyezi Mungu anasema anataka kukuhafifishieni, na mwanadamu ameumbwa dhaifu. Aya ya 29 inaanza mwito mpya kwa walioamini, nayo ndiyo utakayoanza nayo kesho.